Kofi Langu na Picha za Odeta

Jumamosi, Mpanda. Mvua inanyesha tangu alfajiri, umeme umekatika na kurudi mara tatu, na mkono wangu bado unauma.

Jana nilimpiga mtu.

Si kumsukuma, wala si kumfokea. Nilimpiga kofi la mkono mzima, ofisini, mbele ya watu, pete ya ndoa ikiwa kidoleni, na mdomo wake wa chini ukapasuka. Damu ilidondokea kwenye kibodi. Anaitwa Bosco, tumefanya kazi pamoja miaka sita, na hakunirudishia. Alishika mdomo akanitazama tu, kama mtu anayengoja la pili.

Na mimi, Mungu anisamehe, la pili nilikuwa nalo tayari. Mama Salome ndiye aliyenidaka mkono.

Sasa niandike ofisi yenyewe inafanya kazi gani, ili aibu ikae mahali pake. Sisi ni kituo kidogo cha msaada wa kisheria. Wanaopigwa majumbani wanakuja kwetu. Bosco anawasikiliza na kuandika maelezo yao, Mama Salome ndiye mkuu wetu, na mimi ni mtu wa kompyuta ambaye pia ndiye mpiga picha. Mtu anakaa kwenye stuli mbele ya ukuta mweupe, tunaweka rula ya shule pembeni ya jeraha ili ukubwa uonekane, napiga picha. Kisha tunamrekodi akieleza kwa mdomo wake. Ukutani hapo juu ya stuli kuna bango tuliloandika wenyewe: HAKUNA SABABU YA KUMPIGA MTU. Bosco alikuwa amesimama chini ya bango hilo nilipompiga.

Nyani haoni kundule.

Kisa kilianzia kwenye jambo la amani kabisa, mpango wa kuhifadhi mafaili.

Mwezi wa kwanza Mama Salome aliniita akaniambia tumepata kibali cha kununua seva ya kweli. Mpaka hapo tulichokuwa tukiita seva kilikuwa kompyuta ya zamani pale kwenye kona, imewekwa juu ya tofali isilowe, na ndani yake folda moja ambayo wote sita tuliifungua kupitia mtandao wa ofisi. Picha zote, maelezo yote, video zote. Ilikuwa imejaa hadi shingoni. Mama Salome hakuelewa kwa nini kompyuta inaweza kujaa wakati kwa nje haijavimba, kwa hiyo nikamweleza kwa mfano wa viboko wa mtoni.

Mimi nimekulia Sitalike. Kiangazi mto ukikauka, viboko wote wanabanana kwenye tope moja lililobaki, mgongo kwa mgongo, na wanararuana. Usiku kucha unawasikia. Asubuhi unamkuta mmoja amechanwa ubavu, bado amesimama palepale, maana hana pa kwenda. Nikamwambia Mama Salome, mafaili yetu yamefika mwezi wa kumi, kilele cha kiangazi. Tukiweka jipya, lazima la zamani liumie. Tunahitaji bwawa ambalo tunaweza kulipanua bila kuwatoa viboko.

Alicheka sana. Akakubali.

Nikachagua kisanduku chenye vyumba vinne vya diski. Viwili tunajaza sasa, kila faili linakaa kwenye diski zote mbili, moja ikifa nyingine inabaki hai. Viwili tunaviacha vitupu. Siku nafasi ikipungua unachomeka diski mpya na kazi inaendelea, hakuna anayesimama.

“Na hivi viwili vitupu ni vya nini, Mama Keni?” aliniuliza.

“Ni vya mwakani.”

Kisha akaniambia nikamkadirie mwakani picha zitaongezeka kiasi gani.

Hapo ndipo kazi iliponigeukia. Kukadiria nafasi ni hesabu ya kawaida, nimefundishwa chuoni. Unaangalia folda ilivyokua, unaangalia simu mpya zinapiga picha nzito zaidi, unaongeza kidogo kwa tahadhari. Lakini folda yetu ina tabia yake. Inanenepa baada ya mavuno, mpunga na mahindi yakishauzwa na vilabu vya pombe vikijaa. Kasi inapungua kidogo wakati wa kulima kwa sababu watu wamechoka. Nilijikuta naandika, kwa kalamu ya bluu kwenye karatasi ya ofisi, vipigo ambavyo bado havijapigwa. Kuna mwanamke ambaye leo mikono yake yote ni mizima, anapalilia karanga zake, hajui hata kituo chetu kiko wapi, na mimi nimeshamwekea nafasi.

Nilitamani kuuvunja huo mpango wote kwa nyundo.

Nikaumaliza. Ili kupima vizuri nilihitaji diski kubwa ya kujaribia, na ofisi haikuwa nayo. Nikaenda kuazima kwa Mzee Sudi, mwenye duka karibu na soko, anauza redio na chaja na kuwaingizia watu muvi kwenye flashi. Nikanakili folda yetu yote kwenye diski yake, nikapima inachukua muda gani na nafasi gani, nikafuta, nikamrudishia na ahsante. Hiyo ilikuwa kama mwezi mmoja uliopita. Nilifuta juu juu. Nakiri hapa kwanza kabla sijasema kosa la mtu mwingine.

Sasa Odeta.

Si jina lake. Ni mkulima wa upande wa Katumba, wazazi wake walikuja wakikimbia vita vya Burundi, yeye amezaliwa hapahapa na ni Mtanzania kama mimi. Bosco naye ametoka hukohuko, babu zao walikuwa ndugu, anamwita dada. Mwezi wa kumi na moja Odeta alikwenda msibani akalala siku mbili badala ya moja. Aliporudi mume wake alimkata panga mkononi, na alipogeuka kukimbia akamkata tena, nyuma ya bega. Zahanati aliwaambia amejikata mwenyewe shambani. Wakaandika hivyo. Siku tatu baadaye alikuja kwetu, akakaa kwenye stuli, akasema ukweli wote huku akiangalia sakafu. Nilimpiga picha kumi na moja. Jeraha la bega lilikuwa limefumuka nyuzi, na nilipomsogezea rula hakushtuka hata kidogo. Nilisema moyoni, huyu mume nikikutana naye njiani nampondaponda.

Hayo ndiyo mawazo yangu ya kila siku, nikisema ukweli. Nakaa kwenye kiti cha amani na kichwani nina rungu.

Odeta hakutaka polisi wakati ule. Alitaka tu ijulikane. Tukamwekea, kama tunavyowawekea wengi. Siku atakayokuwa tayari atakuta vitu vyake.

Kisha ukoo ukakaa. Kwao kuna desturi ya kumaliza ugomvi. Inaletwa pombe ya ndizi ndani ya chungu kimoja, mke na mume na wazee wanaketi kukizunguka, kila mmoja na mrija wake, wanakunywa pamoja. Mkishakunywa, neno limezikwa. Hakuna wa kulitaja tena, na hakuna wa kubaki na kitu chochote cha ugomvi ule, maana aliyebaki na kitu amebaki na ugomvi wenyewe. Hata panga liliondolewa pale nyumbani. Odeta alichoma jikoni karatasi tuliyompa. Na Bosco, kwa kuwa ni wa ukoo, alikuwepo, na alikunywa.

Jumatatu yake, wiki tatu zilizopita, Bosco alifika kazini mapema, akafungua folda yetu, akafuta kila kitu cha Odeta. Picha, video, maelezo.

Hakumwambia mtu, na kwa jinsi anavyoona yeye hakukuwa na la kuambia. Alifuta kwa heshima, kama unavyofagia uwanja msiba ukiisha. Na aliweza kwa sababu mimi nilimruhusu. Nilipoweka ile folda miaka hiyo, swali la nani aruhusiwe nini nililiruka. Nikawapa wote ruhusa ya kila kitu, kufungua, kuandika, kufuta. Mama Salome aliuliza kama ni salama nikamjibu kwa kujiamini: sisi hapa ni ndugu.

Undugu ndio uliofuta.

Juzi, Alhamisi, mume alimpiga tena. Alianza na mchi wa kutwangia, akamvunja mkono wa kushoto. Odeta akainua wa kulia kujikinga, akakatwa vidole viwili kwa panga. Panga jipya, maana la zamani ukoo ulishaliondoa. Watoto walikuwepo. Mkubwa ndiye aliyekimbia kuita watu, na watu walipofika walimkuta mume amekaa mlangoni, panga mapajani, akilia.

Nilikwenda wodini jioni ileile na kamera. Uso wake ulikuwa umevimba, jicho moja limefumba. Nilifanya kazi yangu, rula, picha, rula, picha. Nilipomaliza aliniuliza kitu kimoja tu.

“Zile za kwanza mnazo?”

“Zipo,” nikamwambia. “Zote zipo, mama. Lala.”

Sikuwa nimeangalia. Nilisema tu, kwa mdomo mwepesi. Na akalala.

Jana asubuhi akaja mpelelezi, kijana mpole, kofia mkononi. Akatueleza mambo yalivyo. Mume anasema ni hasira ya siku moja, haijawahi kutokea, na ndugu zake wako tayari kumdhamini Jumatatu mahakamani. Akitoka anarudi nyumba ileile, kwenye watoto walewale, na Odeta akiruhusiwa hospitali hana kwingine pa kwenda. Ukoo umeshaanza kuivisha ndizi. “Mama, kama mna cha zamani nipeni,” akasema. “Nikiwa na cha zamani nitasimama nacho. Nisipokuwa nacho nitasimama na maneno.”

Nikamvutia kiti. Nikafungua folda kwa madaha, kama mpishi anayefunua sufuria. Jina la Odeta lipo. Ndani hamna kitu.

Nikafunga, nikafungua tena. Nikawasha kompyuta upya. Mpelelezi akakohoa. Na kutoka nyuma yangu Bosco akasema kwa sauti ya kawaida kabisa:

“Nilizitoa mimi, dada. Yale si yalishakwisha?”

Nikamuuliza yalishakwisha vipi.

“Tulikunywa. Mimi mwenyewe nilikunywa. Ningeziacha humo namna gani? Ningekuwa mtu wa namna gani?”

Nilimwambia kuwa dada yake yuko wodini hana vidole. Akasema anajua, ameshinda huko, amemlisha uji kwa mkono wake. Machozi yalikuwa yanamlenga. Akasema, “Nyie mnaweka maumivu ya watu kama mbegu ya mwakani. Sisi tunayazika.”

Ndipo nilipompiga.

Hasira hasara, wanasema, lakini hawasemi ilivyo tamu. Kwa sekunde moja nilijisikia vizuri. Niandike hilo pia, kwa sababu ndilo linalonitisha. Mkono ulikwenda wenyewe, ulijua njia. Nilipouangalia baadaye niliutambua. Ulikuwa mkono wa baba.

Baba alimpiga mama kule Sitalike mpaka nilipofika darasa la sita. Baada ya kila kipigo, kesho yake, nyama ilipikwa, na sisi watoto tuliambiwa neno hilohilo la Bosco: yamekwisha. Tulikula ile nyama. Hakuna picha hata moja ya mama ya miaka ile. Dada yangu mkubwa leo anaapa kwamba baba alimpiga mama mara moja tu, na sina cha kumwonyesha. Labda ndiyo maana nilisomea kompyuta. Labda najidanganya.

Turudi kwenye kazi.

Maji yakimwagika hayazoleki, lakini mafaili wakati mwingine yanazoleka, ukiwahi. Faili likifutwa kupitia mtandao haliendi kwenye kapu la taka la kompyuta, linaondoka moja kwa moja. Hata hivyo halijafa saa hiyo. Ni kama fremu ya duka iliyong’olewa kibao. Bidhaa bado zimo ndani mpaka aje mpangaji mwingine azitupe nje. Nikaikalia ile kompyuta ya kona toka saa nne mpaka saa nane bila kula. Hola, sikupata kitu. Ilikuwa imejaa mno. Kila picha mpya tuliyoweka ndani ya wiki tatu ilikimbilia kwenye nafasi aliyoiacha Odeta. Wanawake wenzake, wenye majeraha yao, walikuwa wamechukua mahali pake.

Viboko na tope lao.

Nilikuwa nimeinamia meza, sitaki mtu anisemeshe, ndipo nikakumbuka diski ya Mzee Sudi. Nilinakili folda nzima kabla Bosco hajafuta. Nikatoka mbio kwenye mvua bila mwavuli.

Mzee Sudi yuko Mpanda tangu reli ilipokuwa ndiyo njia pekee, baba Mnyamwezi, mama Mmanyema, mwenyewe anasema yeye kabila lake ni Mpanda. Alikuwa ametoka kuswali adhuhuri. Nikamwamkia, nikaomba ile diski ya siku ile.

“Ehe, ile nimeshaijaza, mwanangu,” akasema. “Muvi tupu. Ngumi, mapanga, risasi. Ndizo watu wa mjini wanataka, nifanyeje.”

Nikamuuliza imejaa yote. Akafikiri, akasema imebaki nafasi kidogo, alikuwa anangoja mzigo mpya. Nikamwambia naihitaji na sijui kama nitairudisha ikiwa salama, na siwezi kumwambia kwa nini. Aliniangalia nywele zinavyochuruzika, akaangalia mkono wangu nilivyokuwa nimeukumbatia.

“Chukua,” akasema. “Muvi zinapatikana. Kajifute maji.”

Nimekaa nikifikiria, hiyo diski ilikuwa kwake mwezi mzima. Odeta, na wengine wote, walikuwa kwenye kaunta ya duka, chini ya filamu za ngumi, na aliyewapeleka pale ni mimi. Angekuwa mwenye duka mwenye mikono mirefu na programu ya bure ya kufufua mafaili, angewaona wote. Bosco alifuta kwa kuheshimu chungu. Mimi nilivujisha kwa uzembe. Na aliyepigwa kofi ni Bosco.

Niliiacha programu ikichambua ile diski, betri ya akiba ikisaidia umeme, nikaenda nyumbani kulala. Nililala vibaya.

Leo asubuhi nilikuta orodha ndefu. Sehemu kubwa ni vipande vya filamu. Nilivifungua kimoja kimoja kwa sababu majina yote yalikuwa yamepotea. Mtu anaruka teke. Mtu anakatwa kichwa na damu inarushwa ukutani, damu nyekundu sana, ya rangi. Kikundi kizima kinamshambulia mmoja na yeye anawamaliza wote bila kutoka jasho. Saa nzima nilitazama watu wakipigana kwa kuigiza, nikitafuta mtu mmoja aliyepigwa kweli.

Zikatoka picha nne za Odeta.

Tatu ni za mkono. Nzuri, kali, lakini za mkono tu. Wakili yeyote atasema amejikata akilima, zahanati iliandika hivyo. Faili moja zito, nadhani ndiyo ile video, likagoma kufunguka. Ya nne ilipofunguka ilikuwa nusu. Juu inaonekana, chini ni kijivu kitupu, kama mtu aliyepakwa saruji kuanzia kwenye mbavu. Lakini hiyo nusu ya juu ni shingo yake kwa nyuma, kitambaa chake cha kichwa cha njano, rula yetu ya shule, na lile jeraha la nyuma ya bega, limeshuka mshazari kuelekea uti wa mgongo.

Nani anajikata pale akipalilia?

Nilipiga kelele. Mama Salome alikuja mbio akidhani nimempiga mtu mwingine.

Mpelelezi amefika saa tano. Ameitazama ile nusu kwa muda mrefu, amejigusa bega lake mwenyewe kwa nyuma, mkono haukufika. Akasema, “Hii nitasimama nayo.” Hakuahidi zaidi ya hapo, na nimempenda kwa kutoahidi. Amechukua nakala, ametia saini, ameondoka.

Kisha nikaanza kazi ya seva, maana kisanduku kimefika tangu Jumatano na kilikuwa bado kwenye boksi. Diski mbili ndani, vyumba viwili vitupu. Safari hii sikuliruka swali la nani aruhusiwe nini. Kila mtu anaweza kuongeza faili, hakuna anayeweza kufuta. Neno la siri la kufuta tumeligawa, nusu anayo Mama Salome, nusu ninayo mimi, na kila mmoja ameiandika peke yake bila kumwonyesha mwenzake. Hata mimi niliyeijenga, peke yangu siwezi. Diski ya Mzee Sudi nimeifuta kwa njia ya kweli safari hii, kila kona. Itabidi nimtafutie muvi zake.

Bosco alikuja saa saba. Leo si siku yake ya kazi. Alikuwa ameloa, mdomo umevimba kama ameng’atwa na nyuki, na mkononi ana chupa moja ya soda na mirija miwili.

Sikuhitaji kuelezwa.

Alivuta stuli akakaa mbele yangu. Akafungua chupa kwa meno ya upande usiouma, akatumbukiza mirija yote miwili, akaisukuma katikati ya meza. “Dada,” akasema, “mimi Jumatatu nitakwenda. Nitamwambia hakimu nilizifuta mimi, na nilizifuta kwa sababu zilikuwepo. Wazee watanitenga, basi watanitenga. Lakini wewe na mimi tuyamalize. Kunywa.”

Nilitaka kunywa, we shajara. Nilitaka kuliko kitu chochote. Ninywe, neno lizikwe, Mama Salome asahau, bango ukutani liache kunitazama. Ile soda ilikuwa ya baridi. Nikaona jinsi ilivyo tamu kwa upande wa aliyepiga. Hapo ndipo nilipomwelewa baba na nyama yake.

Nikamwambia, “Nitakunywa. Lakini hamia kwanza pale ukutani.”

Hakuelewa. Nikachukua kamera, nikachukua rula.

“Aa, dada, hapana. Tumeshasameheana.”

“Tumesameheana,” nikamwambia. “Kaa pale.”

Alikaa. Nilisogeza rula pembeni ya mdomo wake na nikaona alama ya pete yangu, wazi kabisa, kijimstari pembeni ya mpasuko. Nikapiga mbele, nikapiga upande. Nikakaa kwenye kiti chake yeye, kiti cha msikilizaji, nikaandika maelezo jinsi ninavyojua yalivyokuwa, pamoja na ile sekunde moja niliyojisikia vizuri. Kwenye mstari wa jina la mshambuliaji nikaandika jina langu, majina yote matatu kama yalivyo kwenye kitambulisho.

Ndilo faili la kwanza kwenye seva mpya. La pili ni picha nne za Odeta, ile nusu ikiwa juu.

Kisha tulikunywa, mimi na Bosco, vichwa vikikaribia kugongana juu ya chupa. Hatukusema yamekwisha. Kesho baada ya misa nitakwenda wodini kumwambia Odeta kwamba Alhamisi nilimdanganya, na kwamba ipo nusu. Bosco keshaondoka sasa. Mvua imepungua. Mama Salome ananiita tufunge ofisi.

Kabla sijazima nilifanya jaribio la mwisho, lililo kwenye mpango wangu tangu mwezi wa kwanza: kuhakikisha kinga inafanya kazi. Nililichagua faili la Bosco, nikabonyeza futa. Sitasema nilikuwa najaribu seva tu.

Ilikataa.